Supachaja Chini ya Boneti: Jinsi ya Kuitambua Kazi Safi

Supachaja iliyofungwa vizuri katika Land Cruiser ya mfululizo wa 80 haimshtui anayefungua boneti. Inakaa ubavuni mwa injini kana kwamba ilitoka nayo kiwandani: alumini isiyong'arishwa, mipira myeusi, klipu zote zikielekea upande ambao bisibisi inafika. Kazi zinazosifiwa siku hizi ni za namna nyingine kabisa. Bodi ya supachaja imesuguliwa hadi mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake, mipira ni ya buluu, chujio la koni liko wazi, na mlio unasikika mtaa wa pili. Watu hulizunguka gari la namna hiyo, hulipiga picha, humpongeza fundi. Miezi michache baadaye gari hilohilo linavutwa kwa kamba, na fundi aliyepongezwa analaumu petroli.

Injini inayohusika hapa ni 1FZ-FE: silinda 6 za mstari, sentimita za ujazo 4,477, valvu 24, bloku ya chuma. Iliingia katika Land Cruiser za petroli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kompresheni yake ya 9:1 ni ya upole, ndiyo maana inavumilia hewa ya kusukumwa, na TRD, tawi la Toyota la magari ya mbio, ilipata kuitengenezea supachaja yake kwa soko la Marekani. Huko Ghuba, ambako gari hupelekwa mchangani kila mwisho wa wiki, injini hii imefanyiwa kila jambo zuri na kila uharibifu ambao fundi anaweza kuubuni.

Ukaguzi huanza kabla supachaja haijatolewa ndani ya sanduku. Injini iliyochoka haistahili kufungwa kitu. Gasketi ya silinda hedi ya 1FZ ina tabia ya kuliwa upande wa nyuma, karibu na silinda namba 6, na shinikizo la supachaja huiharakisha. Fundi anayejiheshimu hupima kompresheni ya silinda zote na kumwonyesha mwenye gari karatasi ya vipimo. Jambo la pili ni kile kipande kifupi cha mpira wa maji ya hita kilichojificha chini ya manifoldi, nyuma kabisa. Manifoldi ikishafunguliwa, mpira ule hubadilishwa hata kama bado unaonekana mzima, kwa sababu supachaja ikikaa mahali pake hakuna mkono utakaoufikia tena bila matusi. Swali moja tu kuhusu mpira huo latosha kumpima fundi. Akiuliza ni mpira gani, gari lirudishwe nyumbani.

Kuhusu aina ya mtambo hakuna mengi ya kubishania. Gari la mchanga na la milima linahitaji aina ya Roots, ambayo husukuma hewa tangu mzunguko wa chini, si ile ya feni inayoamka injini ikiwa tayari inalia. Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, waliisajili pampu yao ya hewa mwaka 1860, wakati gari la injini bado halijazaliwa. Kuitia katika injini kulileta tatizo lilelile linalosumbua gereji mpaka leo: ikae wapi, na izungushwe na nini. Amherst Villiers alipomtengenezea dereva wa mbio Sir Henry Birkin supachaja ya Bentley mwishoni mwa miaka ya 1920, aliiweka nje, mbele ya rejeta, ikizungushwa moja kwa moja na kranki. W. O. Bentley mwenyewe hakuipenda. Hata hivyo lazima ikubaliwe kwamba Villiers alikwepa ugonjwa mkubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa mtambo wake haukuwa na mkanda.

Mkanda ndio mahali ambapo mtazamaji wa kawaida hapatazami kamwe, na ndipo kazi nzima inapohukumiwa.

Supachaja ikisukuma hewa kwa psi 6 au 7 hula makumi ya nguvu za farasi kutoka kwenye kranki. Jenereta na kompresa ya eisii zikijumlishwa haziufikii mzigo huo. Mzigo wote unapita kwenye mkanda mmoja wa mifereji, na mkanda unaushika kwa msuguano tu, juu ya puli ya supachaja ambayo ni ndogo kuliko zote. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazama ni mkanda umeikumbatia puli hiyo kiasi gani. Mkanda uguse zaidi ya nusu ya duara. Ukigusa theluthi tu, utateleza siku ya joto hata ukikazwa mpaka beringi zilie, na zitalia kweli. Fundi mzuri huongeza puli ya kupitishia ili mkanda urudi nyuma na kuizunguka ile ndogo. Fundi mvivu hukaza tenshena.

Cha pili ni mstari. 1FZ ilitoka kiwandani na mikanda ya V, kwa hiyo mkanda wa mifereji huhitaji puli yake ya ziada mbele ya kranki, na puli hiyo lazima ilingane na ya supachaja bila kusogea mbele wala nyuma. Tofauti ya milimita 2 katika umbali wa sentimita 30 tayari ni kubwa. Jicho haliioni. Rula ya chuma huiona, na uzi huiona vizuri zaidi. Katika gereji za Muscat, zile ambamo Kiswahili cha Unguja kilisikika siku nzima pamoja na harufu ya kahawa, kunasimuliwa habari za mzee aliyefunga uzi wa kushonea kutoka puli ya kranki hadi ya supachaja kabla ya kukaza bolti hata moja. Uzi ukigusa ukingo wa puli, braketi inayoshika supachaja ilitolewa, ikapigwa tupa, ikarudishwa. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima, na wateja walinung'unika kwamba mzee anacheza na uzi. Leo braketi hukatwa kwa mashine ya kompyuta, hupakwa rangi ya kupendeza, na hufungwa kwa washa tatu upande mmoja na moja upande wa pili ili zilingane.

Hata mstari uliolingana injini ikiwa imezimwa hupotea injini ikivutwa, kama braketi ni nyembamba. Msaidizi akanyage mafuta ghafla huku mkaguzi akitazama puli kutoka pembeni. Puli ikiinamia kranki, hata kwa unene wa kucha, braketi hiyo ni bati. Braketi halali ni ya kusubu au ya bamba nene, na imeshikwa kwenye bloku au hedi kwa pointi tatu zisizo katika mstari mmoja. Pointi mbili hazikubaliki, na hoja ya kwamba nafasi haikutosha haisikilizwi.

Sikio nalo lina kazi yake. Mkanda unaolia kama kifaranga, mlio mfupi unaojirudia, haujakaa katika mstari. Unaopiga yowe refu pale mafuta yanapokanyagwa unateleza. Maji kidogo yakinyunyizwa upande wa mifereji humaliza ubishi: mlio ukikoma kwa muda, kosa ni la mstari, ukizidi, kosa ni la mkazo au la mkanda kutoikumbatia puli. Matapeli wanaufahamu uchunguzi huu kuliko wateja. Wapo wanaosugua kipande cha sabuni ya kufulia kwenye mkanda asubuhi ya siku ya kukabidhi gari. Gari huondoka kimya, hupita mtihani wa barabarani, na huanza kulia baada ya siku mbili, wakati pesa imeshatumika. Kidole kikipitishwa kwenye mifereji kikatoka na utelezi mweupe, hakuna haja ya kuendelea na ukaguzi.

Ushahidi usiofutika, hata hivyo, hauko kwenye injini. Uko juu, upande wa ndani wa boneti. Mkanda usio katika mstari au unaoteleza hujisaga, na unga wake mweusi hurushwa na kubaki kwenye boneti kama mstari mwembamba, sawia kabisa na mahali mkanda unapopita chini yake. Injini huoshwa kwa mashine, hupulizwa silikoni ing'ae, kila bolti hupanguswa. Boneti kwa ndani haikumbukwi na mtu. Mnunuzi mmoja wa magari ya mchanga alijulikana kwa kufungua boneti, kuinua uso juu kana kwamba anatafuta mwezi, na kuifunga bila kuitazama injini kabisa. Wauzaji walimcheka. Aliwaachia magari yao na kwenda zake.

Yaliyobaki ni mepesi zaidi, ingawa yana mitego yake. Mlio mkubwa si dalili ya nguvu. Rota za supachaja za Eaton zimesokotwa makusudi ili kupunguza kelele, na supachaja nzima hunong'ona mpaka ikanyagwe. Kugongagonga injini ikiwa sailensa maana yake ni kapilingi ya mbele imekwisha. Mafuta ya gia zake ni yake peke yake, hayachanganyiki na ya injini, na yananuka vibaya kiasi kwamba anayedai ameyabadilisha bila kukunja pua anadanganya.

Valvu ya kupunguzia, ile inayoirudisha hewa injini isipokuwa na mzigo, huonekana ikifanya kazi: mkono wake huvutwa na vakyumu injini ikiwashwa, na huachiliwa mafuta yakikanyagwa. Wako waliofunga mkono huo kwa waya ili geji ipande upesi. Gari la namna hiyo hunywa petroli hata likishuka mlima. Geji yenyewe husomwa na wengi kinyume. Psi nyingi kwenye manifoldi zaweza kutokana na puli ndogo mno, au na eksozi iliyobana, hewa ikiwa imekosa pa kutokea. Sifa ni ya gari linalopanda tuta kwa psi 6.

Chujio liwe lile la kiwandani, ndani ya boksi lake, likivuta hewa kutoka nje. Chujio la koni chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupikwa na rejeta, pamoja na vumbi litakalokwaruza rota. Hili halijadiliwi.

Katika petroli ndimo injini zinamofia. Hewa ikiongezeka bila mafuta kuongezeka, mchanganyiko hukonda, injini hugonga, pistoni huyeyuka kwenye ukingo. Kazi halali ina nozeli zinazotosha, kompyuta iliyorekebishwa, na karatasi inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli ukikaa karibu na 12 kwa 1 injini ikivutwa hadi mwisho. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa daraja moja. Tapeli hubana mpira wa kurudishia petroli kwenye tangi kwa klipu ili presha ipande, kisha huchomoa balbu ya taa ya injini kwenye dashibodi. Swichi ikifunguliwa, taa hiyo lazima iwake kabla injini haijawashwa. Isipowaka, balbu haipo.

Joto na mwinuko humaliza hesabu. Roots huichemsha hewa: kwa psi 6, hewa ya Muscat iliyoingia ikiwa na nyuzi 45 yaweza kutoka ikiwa imekaribia 100, na ndiyo maana gari lililopimwa Januari hugonga Julai. Upande wa Afrika Mashariki tatizo hugeuka. Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, imepoteza karibu sehemu moja kati ya saba ya mgandamizo wa hewa wa pwani, na ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300, umepoteza robo nzima. Puli iliyochaguliwa Dar es Salaam itaonekana dhaifu huko juu, na mwenye gari atashawishika kudai ndogo zaidi. Puli hiyo ndogo ikirudi Dar na mizigo ya likizo, gasketi ya namba 6 ndiyo italipa. Fundi anayeijua kazi huuliza gari linalala wapi kabla ya kutaja bei.

Mtihani wa mwisho hufanywa kwenye mlima mrefu, gia ya tatu, eisii ikiwa imewashwa, dakika kumi bila kuachia. Sindano ya joto isisogee. Kisha gari husimamishwa, injini huachwa sailensa, boneti hufunguliwa, na mkanda huguswa kwa pua tu: usinuke mpira ulioungua. Baada ya kilomita 1,000 gari hurudi gereji, bolti za braketi hupimwa kwa spana ya toki, na mkanda, ambao kwa wakati huo umeshalegea kidogo, hukazwa upya bila malipo.