Kuganda, Kukwama na Kuzidiwa: Uhakiki wa Istilahi za Hitilafu za Kompyuta

Katika orodha nyingi za istilahi za kompyuta zilizokwisha kutolewa Afrika Mashariki, msomaji atakuta majina ya vitu kwa wingi: kompyuta au tarakilishi, kipanya au puku, diski, faili, kabrasha, nywila na mengineyo. Majina haya yamejadiliwa sana, na baadhi yamegombewa. Lakini mtu ambaye kompyuta yake imeharibika hana haja kubwa ya jina la kitu. Haja yake ni kitenzi kitakachomweleza fundi jambo lililotokea. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba vitenzi vya hitilafu vimeachwa nyuma, kwamba upungufu huo unawagharimu watu fedha na kazi zao, na kwamba maneno yanayotakiwa yamo tayari katika Kiswahili kinachosemwa kila siku.

Mfano tutakaoutumia ni wa kawaida siku hizi: kompyuta mpakato iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, ikatiwa mfumo endeshi wa pili kando ya ule wa kwanza, na tangu hapo ikaanza kuganda. Tunauweka mfano huu Mabibo, Dar es Salaam, mahali ambapo ipo hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kipo pia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Mwanafunzi huhitaji Windows kwa kuandikia ripoti zake, na huenda akahitaji Linux kwa masomo ya kuandika programu. Tena, Microsoft ilikoma kuutunza mfumo wa Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo wenye mashine za zamani zisizoweza kupokea Windows 11 wamepata sababu nyingine ya kutafuta mfumo wa pili usiolipiwa, mathalani Ubuntu.

Si haki kuhakiki bila kutaja kazi iliyokwisha kufanyika. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi ni mojawapo ya kazi zake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Ubuntu ilitolewa kwa mara ya kwanza, ikiwa na jina la Kibantu ambalo Mswahili hulitambua mara moja kuwa ni utu. Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake. Wafasiri waliofanya kazi hizo walianza karibu na patupu, na mengi tunayoyatumia leo ni matunda yao.

Miongoni mwa matunda hayo, neno kusakinisha lastahili sifa. Mzizi wake ni sakini, yaani kukaa mahali, nalo ni ndugu wa maskani. Ukisema kwamba mfumo umesakinishwa, umesema kwamba umepewa makao. Maana hii yafaa hasa penye mifumo miwili. Msomaji na afikirie nyumba ya kupanga: wapangaji ni wawili, kila mmoja ana chumba chake, lakini mlango wa mbele ni mmoja, ukumbi mmoja na luku moja. Ndivyo ilivyo diski iliyogawanywa. Kila mfumo una sehemu yake, ilhali prosesa, kumbukumbu, skrini na programu ya kuwashia mashine hutumiwa na yote miwili. Tofauti ni kwamba wapangaji hawa hawakai ndani kwa wakati mmoja: mmoja akiingia, mwenzake sharti awe ametoka.

Kinyume cha sifa hiyo ni jamii ya maneno yatokanayo na endesha. Tunao mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza mashine nzima. Tunacho kiendeshi, neno ambalo wengine hulitumia kwa diski, na wengine kwa programu ndogo inayokiwezesha kifaa, kama vile skrini, kuelewana na mfumo. Tunacho pia kiendeshaji, kwa maana hiyohiyo ya pili. Mtu akiambiwa kwamba kiendeshi chake kina hitilafu, aweza kwenda kununua diski mpya, kumbe kilichotakiwa ni kubadili programu ya skrini, kazi isiyohitaji kifaa chochote kipya. Istilahi inayompeleka mtu dukani bure yafaa kurekebishwa.

Sasa tutazame vitenzi. Mteja humwambia fundi: "Fundi, tangu niweke Linux mashine inaganda." Neno kuganda ni zuri. Maji huganda, damu huganda, na mafuta ya nazi huganda kukiwa na baridi. Kilichoganda kipo mahali pake lakini hakisogei. Taabu ni kwamba neno hili moja hubebeshwa mambo manne, kila moja likiwa na chanzo chake na dawa yake.

Jambo la kwanza: picha ya skrini imesimama, lakini muziki unaendelea kusikika, au taa ya herufi kubwa huwaka na kuzimika kila kitufe chake kibonyezwapo. Hapa mashine iko hai. Kilichosimama ni picha tu. Aghalabu chanzo ni programu ya kadi ya picha. Tatizo hili lajulikana hasa katika mashine zenye kadi za NVIDIA, ambazo mara nyingi Linux huanza nazo kwa programu isiyotoka kwa mtengenezaji wa kadi. Fundi huongeza neno "nomodeset" katika amri ya kuwasha, ili mfumo utumie picha ya msingi, kisha huweka programu ifaayo. Hali hii ndiyo tungependa iitwe kuganda.

Jambo la pili: kila kitu kimesimama pamoja, picha, sauti, taa na vitufe, na hakuna njia ila kubonyeza kitufe cha kuzimia kwa muda mrefu. Mfano unaojulikana ni wa prosesa za Intel za jamii ya Bay Trail, zilizotoka mwaka 2013 na kutiwa katika kompyuta nyingi za bei nafuu. Linux ilipozipeleka prosesa hizo katika usingizi mzito wa kubana umeme, baadhi hazikuamka. Dawa ilikuwa kuuzuia usingizi huo kwa amri ya kuwasha, au kutumia kiini kipya cha mfumo kilichorekebishwa. Kwa hali hii Kiswahili kina usemi wake: kufa ganzi.

Jambo la tatu: mashine husimama, kisha baada ya dakika moja au tatu husogea, kisha husimama tena, na taa ya diski haipumziki. Hapa hakuna kilichoganda. Kumbukumbu imejaa, na mfumo unahamisha vitu kwenda kwenye diski na kuvirudisha, kazi ambayo kwa diski ya zamani ni ya polepole sana. Hutokea kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo, hasa ikiwa sehemu ya diski iliyotengwa kwa uhamisho huo ni ndogo mno au haipo. Mashine hii imezidiwa, kama mgonjwa azidiwavyo, na dawa yake ni kuipunguzia mzigo au kuiongezea kumbukumbu.

Jambo la nne: mashine huwaka, huonyesha nembo ya mtengenezaji au orodha ya kuchagua mfumo, na haiendelei mbele. Hapa mfumo haujaanza kazi hata kidogo. Huenda mpangilio wa usalama wa kuwasha umeukataa mfumo mpya; huenda namna ya kuisoma diski iliyowekwa katika mipangilio ya mashine haikubaliani na mifumo yote miwili; huenda programu ya kuwashia imeandikwa mahali pasipotakiwa. Gari lililonasa matopeni hatusemi limeganda, twasema limekwama. Mashine hii nayo imekwama.

Tofauti hizi si za mapambo. Fundi anayesikia neno moja kwa mambo yote manne huelekea kutumia dawa moja kwa yote, nayo ni ile iitwayo mitaani kupiga Windows upya: diski hufutwa na mfumo huwekwa tangu mwanzo. Katika hali nne tulizozitaja, hakuna hata moja ambayo kwa asili yake yalazimu diski ifutwe. Lakini mwanafunzi aliyebakiza wiki moja kuwasilisha ripoti ya utafiti, tena hana nakala nyingine, aweza kuipoteza kazi ya mwaka mzima kwa sababu yeye na fundi hawakuwa na vitenzi vya kutosha baina yao.

Zaidi ya hayo, viambishi vya kitenzi cha Kiswahili vyenyewe hueleza hitilafu. "Imeganda" yaonyesha hali iliyopo sasa. "Huganda" yaonyesha mazoea, na fundi akiisikia atauliza, "Huganda lini? Ukicheza video, au ukiifungua baada ya kuifunika?" "Inagandaganda" yaonyesha vipindi vifupi vya kurudiarudia, nayo yaelekeza kwenye kuzidiwa. Vivyo hivyo, "imezimwa" yamaanisha kwamba pana aliyeizima, "imezimika" kwamba imepoteza nguvu, na "imejizima" kwamba imeamua yenyewe, labda kwa joto. Mwalimu wa somo la TEHAMA anayewafundisha wanafunzi wake kuutumia utajiri huu atakuwa amewafundisha nusu ya ufundi.

Lipo neno moja ambalo lahitaji uangalifu wa pekee, nalo ni kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ulikuwapo utaratibu wa kuharakisha uwashaji. Utaratibu huo ukiwa umewashwa, mtu akichagua kuzima, kiini cha mfumo hakizimwi kabisa. Hali yake huandikwa kwenye diski ili kesho ianzie hapo. Kwa mfano wetu wa nyumba, mpangaji ametoka lakini ameacha vyombo vyake ukumbini na kazi yake nusu. Linux ikiingia na kutaka kuifungua sehemu ya diski ya Windows, hukataa kuandika humo kwa kuogopa kuharibu, na mtumiaji hudhani kwamba mfumo mpya ni mbovu. Dawa ni kuuondoa utaratibu huo katika mipangilio ya Windows. Ajabu ni kwamba kwa kawaida kuwasha upya huuzima mfumo kikamilifu kuliko amri ya kuzima yenyewe. Mfasiri aliyeandika "zima" alifuata neno la asili kwa uaminifu, lakini neno la asili lenyewe halikuwa la kweli. Kiswahili chaweza kusema vizuri zaidi: kusinzisha, kwa usingizi mwepesi ambao kumbukumbu hubaki na umeme, kulaza, kwa hali iliyoandikwa kwenye diski, na kuzima, pale tu ambapo hakuna kilichobaki.

Wapo watakaosema kwamba maneno kama kuzidiwa na kufa ganzi ni ya mazungumzo, na kwamba istilahi yapasa kuwa na maana moja isiyoyumba. Hoja hii ina uzito, lakini maana moja hutokana na fasili na matumizi, wala haitokani na ugeni wa neno. Kiendeshi ni neno la kitaalamu kwa sura yake, na bado limeyumba. Mabibo lenyewe ni wingi wa bibo, tunda la mkorosho, na mbegu yake twaiita korosho. Kwa mti mmoja tunayo maneno matatu yasiyochanganywa na mtu yeyote, na hakuna kati yao lililoazimwa kutoka maabara.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila orodha ya istilahi za kompyuta itakayotolewa iwe na sehemu ya vitenzi vya hitilafu, na kila kitenzi kiambatane na fasili pamoja na dalili ya kukitambulia. Pili, kuganda, kufa ganzi, kuzidiwa na kukwama vifikiriwe kwa maana tulizozieleza hapo juu. Tatu, kiendeshi kiachwe: diski iitwe diski, na programu ya kuwezesha kifaa iitwe kiendeshaji, ikitajwa pamoja na kifaa chake, kama vile kiendeshaji cha skrini. Nne, kuzima, kulaza na kusinzisha vitenganishwe katika tafsiri zote, hata pale ambapo lugha ya asili imevichanganya.

Mapendekezo haya hayafai kupitishwa mezani tu. Yafaa yapelekwe kwanza kwa mafundi, kwa walimu na kwa wanafunzi wenyewe, yatumiwe kwa muda, na yale yatakayokataliwa na watumiaji yaachwe bila kinyongo. Wasomaji walio na vitenzi vingine vya hitilafu vinavyotumika mahali pao, iwe Temeke, Mombasa, Unguja au Bukavu, wanaombwa kuviandika pamoja na dalili zake, ili ulinganifu ufanyike kabla ya orodha kusanifishwa.