Mnyama Mwenye Shughuli Zake

Katika Jurassic Park, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, kuna Triceratops mgonjwa aliyelala ubavu. Hafukuzi mtu wala hangurumi. Kazi yake yote ni kupumua. Kifua kinapanda, kinakawia kidogo kama cha ng'ombe aliyevimbiwa, halafu kinashuka, na mtaalamu wa visukuku aliyemwegemea anapanda na kushuka nacho. Mwanasesere huyo alitoka karakana ya Stan Winston, na pumzi zake zilikuwa mikononi mwa mafundi wasioonekana. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ile ya Tyrannosaurus akitoka zizini, na bado nasahau kwamba ninachokiona ni mpira na vyuma.

Dinosaria wa sinema wako wa namna mbili. Kuna anayejua kwamba umelipa kiingilio: anageukia kamera, anapanua kinywa, anasubiri upige kelele. Na kuna mwenye shughuli zake, ambaye wewe umemkuta tu. Huyu wa pili ndiye mgumu kumtengeneza.

Phil Tippett, mmoja wa mafundi wa Jurassic Park, alikuwa bingwa wa kusogeza vinyago kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine. Kompyuta za timu ya Dennis Muren zilipoichukua kazi hiyo, hakufukuzwa. Alibaki kuwafundisha vijana wa kompyuta jinsi mnyama anavyobeba uzito wake mwenyewe. Wachoraji hao walipelekwa hata kwenye mafunzo ya maigizo bila maneno, ili waujue mwendo kwa miili yao kabla ya kuupeleka kwenye skrini. Katika majaribio ya mwanzo dinosaria wa aina ya raptor walikuwa wakitoa ndimi kama nyoka. Jack Horner, mtaalamu wa visukuku aliyekuwa mshauri wa filamu, akakataa, na ndimi zikaondolewa. Badala yake, jikoni, raptor anapumua kwenye kioo cha dirisha la mlango na kioo kinaingia ukungu. Hilo linatisha zaidi, kwa sababu pumzi anazo hata asipotazamwa na mtu.

Tyrannosaurus mwenyewe alikuwa mtambo wa tani 4 hivi. Mvua ya studio ilipomlowesha, ngozi yake ilifyonza maji, akawa anatetemeka, na mafundi wakamkausha kwa taulo. Katika filamu yenyewe, angalia jicho lake anapoinama kwenye dirisha la gari: mwanga wa tochi unapompiga, mboni inasinyaa. Ni kitu cha kupita, na asiyekiona hapotezi hadithi. Fundi alikiweka kwa sababu jicho la mnyama hufanya hivyo.

Sauti nayo ina mambo. Gary Rydstrom, aliyeisuka, ameeleza kwamba baadhi ya milio ya raptor ilitoka kwa kobe wakipandana. Hapa kwetu, Makumbusho ya Kisumu yana kobe, na watoto wa shule huwapita mbio kwenda kwa mamba na nyoka. Wangejua!

Ndani ya makumbusho hayo hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1980, kuna simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu. Aliyewaunganisha wawili hao aliijua siri ile ile ya Winston. Hakuna kati yao mwenye haja na wewe. Mmoja anataka kula, mwingine anataka kuishi, nawe unapita na tiketi yako mkononi.

Nenda Dunga, ufukweni mwa ziwa hapa Kisumu, alfajiri utaona shule nyingine ya sanaa hii, isiyo na kamera. Watalii hupanda boti kutafuta viboko kandokando ya mafunjo, na mara nyingi wanachopata ni masikio mawili na pua. Wanataka mwayo, kinywa wazi, meno yote. Nahodha mzuri hamchokozi kiboko ili wageni wake wafurahi. Anazima injini, anakaa mbali, anangoja. Mvuvi wa pale hamhesabu mnyama huyo kuwa kivutio hata kidogo. Anajua kiboko anapopandia nchi kavu usiku kwenda kula majani, na ile njia humwachia. Spielberg naye alizima injini: katika filamu ya dakika 127, dinosaria wanaonekana kwa dakika 15 hivi tu.

Jurassic World ya mwaka 2015 inalijua jambo hili, na inalifanyia mzaha. Dinosaria aitwaye Indominus ametengenezwa maabara kwa sababu wageni wamewachoka dinosaria wa kawaida. Mzaha ni mzuri, lakini filamu nayo inaishia kumuuza Indominus kwetu vile vile. Kinachoiokoa, kwangu mimi, ni Apatosaurus anayekata roho nyasini: kichwa kilichotengenezwa kwa mkono, kazi ya mafundi waliorithi karakana ya Winston baada ya kifo chake mwaka 2008.

Ukanda wetu wa ziwa hauna dinosaria wa kujivunia. Mifupa ya Rusinga, Songhor na Koru ni ya mamalia waliokuja muda mrefu baadaye. Lakini tunaye mnyama wa kale, Simbakubwa kutokaafrika. Taya lake na vipande vingine vilichimbuliwa Meswa Bridge, upande wa Muhoroni, vikakaa miaka mingi ndani ya droo ya makumbusho Nairobi, hadi watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walipomtangaza mwaka 2019. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, na licha ya jina hakuwa simba. Simba wa leo ana jozi moja ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa. Huyu alikuwa na tatu. Siku kijana wa Kisumu atakapomtengeneza kwa kompyuta, natamani aanzie kwenye meno hayo: Simbakubwa amelala chini na mfupa, kichwa kimeinama upande mmoja, anatafuna kwa magego, anahamishia upande wa pili, nzi wanamkera machoni. Fedha za kumfanya angurume zitumike kwenye misuli ya shingo.