Panya Asemaye Gazetini

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Baraka alituletea daftari lake, akataka tumwambie kama picha zake zafaa kubandikwa kwenye ubao ulio mlangoni pa kanisa. Tukafungua. Ilikuwa hadithi ya picha, ukurasa baada ya ukurasa: kijiji cha wanyama kando ya ziwa, wenye kofia na baiskeli, wakivua ndagala na kugombana juu ya bei ya chumvi. Tulicheka sana. Kisha katika ukurasa wa sita wakatokea fisi, wakishuka kutoka milimani, na kila mtu wa Fizi angetambua mara moja fisi wale ni watu gani. Hapo tukaacha kucheka.

Tulimwuliza amejifunza wapi kazi hii. Akajibu neno moja: "Kwa Kipanya."

Wasomaji wengi wamjua Kipanya, hasa ninyi mliokaa miaka mingi ng'ambo ya ziwa, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, kabla ya meli kuanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005. Ndiye panya tuliyemwona kwa miaka mingi katika Mwananchi, gazeti la Dar es Salaam lililoanza mwaka 2000. Mchoraji wake ni Ali Masoud, mtu wa radio pia, na ndiye yule yule aliyewaonyesha Watanzania gari la umeme mwaka 2022. Siku hizi picha zake zavuka ziwa katika simu, hazingoji tena mashua.

Tuseme kwanza uzuri wake. Huyu hakuitwa panya, bali kipanya: jina la udogo, tena la dharau kidogo. Huku kwetu panya hana sifa yo yote. Hutoboa gunia la unga, hula karanga za mbegu kabla mvua haijanyesha. Walakini ana jambo moja ambalo simba hana: hukaa katika kila nyumba, ya mkubwa na ya mjane, na husikia yasemwayo taa ikiisha kuzimwa. Mnyama wa namna hiyo akisimama kwa miguu miwili na kusema Kiswahili cha mitaani, juu ya bei na kodi na ahadi za wakati wa uchaguzi, twamwamini upesi. Tena si ndugu wa sungura wa hadithi za bibi zetu. Sungura humshinda fisi kwa ujanja, na mtoto hulala akifurahi. Kipanya hamshindi mtu. Hutazama, husema neno lake, na kesho yake bei imebaki pale pale. Twaona hiyo ni kweli zaidi.

Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba picha ya siku moja yataka habari za siku ile ile. Mtu wa Baraka asiyefuata mambo ya Bunge la Dodoma huenda akaitazama picha kama mtu aliyeingia kilabuni baada ya kisa kwisha kusimuliwa: wenzake wanashika mbavu, yeye anauliza nani kafanya nini.

Katika ufundi huu wa kuwasemesha wanyama gazetini, mmoja wa mabingwa alikuwa Mmarekani, Walt Kelly. Mnyama wake aliitwa Pogo, oposamu mdogo akaaye na mamba, kobe, bundi na wengine wengi katika kinamasi cha Okefenokee, kusini mwa Marekani. Alianza kutoka gazetini mwaka 1948. Kelly alifariki mwaka 1973, na hadithi ikaisha mwaka 1975. Maneno yake ni mengi mno, ya kupindapinda, na siku nyingine msomaji hupotea kinamasini pamoja na wanyama wenyewe. Lakini mnamo mwaka 1953 Kelly alifanya jambo la ushujaa. Wakati ule Seneta Joseph McCarthy alikuwa akiwashtaki watu kuwa wakomunisti bila ushahidi, na wakubwa wengi walimwogopa. Alikuwa Mkatoliki, wala hatuna haja ya kulificha. Kelly akamwingiza kinamasini paka-mwitu aitwaye Malarkey, mwenye sura ya seneta yule, na kila mtu akamjua. Mwaka uliofuata gazeti moja la mji wa Providence lilisema halitaki kuiona tena sura ile. Basi Kelly akamvika paka mfuko kichwani, akaendelea kumchora!

Na waliokuwa pamoja na Malarkey ni akina nani? Mmojawapo ni shemasi, mnyama wa jamii ya panya-maji, ambaye maneno yake huandikwa kwa herufi nene za vitabu vya kale vya kanisa. Midomoni ni mtakatifu, moyoni hana kitu. Sisi tuzoeao kusoma mbele ya altare picha yake yatuuma, na inafaa ituume.

Sasa turudi kwenye fisi wa daftari. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu kumwita mtu mnyama si mchezo. Gazeti la Kangura, lililotoka Rwanda kuanzia mwaka 1990, liliwaita watu mende, na mwaka 1994 watu wakauawa kama mende. Mhariri wake alihukumiwa Arusha mwaka 2003. Nasi huku, tangu Itombwe hadi ufuoni, tumesikia watu wakiitwa nyoka, na tumezika watu baada ya maneno kama hayo. Je, basi tumwambie kijana aache wanyama kabisa, achore watu tu?

Hatukuona hivyo. Mungu mwenyewe alifumbua kinywa cha punda, na Balaamu, nabii mzima, akafundishwa na mnyama aliyekuwa akimpiga. Lakini yafaa tutazame mwenye kuchora amesimama wapi. Ali Masoud alijitwalia jina la panya wake, na leo watu wote humwita Masoud Kipanya. Yule wa Kangura hakujiita mende. Mende walikuwa wengine.

Mtu atasema: na Kelly je, hakumgeuza adui yake kuwa paka-mwitu? Alimgeuza, lakini katika kinamasi kile wote ni wanyama, mwema na mbaya, na Pogo mwenyewe si kitu zaidi ya paka yule. Tena aliyechorwa ni mtu mmoja mwenye mamlaka, kwa matendo yake yaliyojulikana, si mama yake na watoto wake na kijiji chake. Na mwaka 1971 Kelly alimchora Pogo akitazama takataka zilizojaa kinamasini, akikiri kwamba aliyezitupa si mgeni kutoka mbali. Picha hiyo ilipendwa na wengi.

Tulimweleza kijana mambo haya, si kwa urefu huu. Hakufurahi. Alisema fisi wale walichoma nyumba ya babu yake, nasi hatukuwa na neno la kumjibu, kwa maana ni kweli ilichomwa. Tulimwuliza kitu kimoja tu: katika kijiji chako, wewe ni mnyama gani? Alipekua daftari mwanzo hadi mwisho, akaona hayumo.

Alilichukua akaenda nalo. Juzi tulikutana naye sokoni, akatuambia fisi bado hajawafuta, anafikiri, lakini yeye mwenyewe amekwisha kujichora. Amekuwa ndagala, kwa sababu ndagala akiona taa usiku huikimbilia bila kuuliza ni ya nani.