Picha Iliyokataliwa kwa Sababu ya Ubora

Mpiga picha anayepeleka kazi yake katika ghala la picha la ng'ambo, yaani lile soko la intaneti ambamo wachapishaji na wenye matangazo hununua ruhusa ya kutumia picha zilizokwisha kupigwa, hukutana mapema na hukumu moja inayomfadhaisha kuliko zote. Akiambiwa kuwa hati ya ridhaa ya mtu aliyemo pichani haikuambatishwa, au kwamba alama ya kampuni fulani inasomeka ukutani, ataijua mara moja njia ya kutengeneza; lakini akiambiwa tu kuwa picha yake haikufikia ubora unaotakiwa, pasi na kutajiwa ni wapi wala kwa kiasi gani, huachwa kizani. Wako wanaokasirika wakaacha kazi, na wako wengine, nao ndio wanaonisikitisha zaidi, ambao huanza kuligeuza jicho lao lote ili limridhishe mtu wasiyemjua. Ipo njia iliyo bora kuliko hizo mbili, nami nitaieleza kwa kuifuata picha moja tangu ilipokataliwa hata ilipopokewa.

Picha yenyewe ilipigwa Mji Mkongwe wa Unguja na binti mmoja niliyemfundisha kazi hii. Ndani yake ameketi fundi mchongaji wa milango, mtu wa makamo, mweusi wa kukolea, kofia kichwani, patasi katika mkono wa kushoto na nyundo ya mti katika mkono wa kulia, akiuinamia ubao wa mvule ambao ua lake la kwanza limekwisha kutokeza na la pili lingali mistari ya penseli. Maranda yametapakaa miguuni pake. Nyuma yake umesimama ukuta wa chokaa, na sehemu ya juu ya ukuta huo inapigwa na jua la karibu na adhuhuri, ilhali yeye na kazi yake wamo kivulini. Ghala moja liliirudisha kwa maneno machache: ubora wa kiufundi, mwangaza, chembechembe. Binti akanijia akauliza, "Mwalimu, mwangaza gani anaoutaka, na fundi mwenyewe ndivyo alivyo?" Swali lake lilikuwa na nusu ya jawabu ndani yake.

Kabla ya kumlaumu mkaguzi, ni insafu kukijua kiti anachokikalia. Biashara hii ya picha za bei nafuu ilianza kupata sura yake ya leo pale iStockphoto ilipoanzishwa Calgary, Canada, mwaka 2000, ikafuatwa na Shutterstock ya New York mwaka 2003, ambayo mwanzilishi wake, Jon Oringer, aliifungua kwa picha zipatazo 30,000 alizozipiga yeye mwenyewe. Tangu hapo maghala yamejaa hata kuhesabu picha kwa mamia ya milioni, na kila ghala limejitungia mlango wake. Shutterstock kwa miaka mingi ilimtaka mgeni alete picha 10, na 7 kati yake zipite, ndipo afunguliwe. Baadaye sharti hilo likalegezwa hata ikatosha kupita moja. Alamy ya Uingereza ilishika mwendo mwingine, wa kukagua baadhi tu ya picha za mpiga picha, na ikipatikana moja yenye ila, zote zinazongoja ukaguzi zikaanguka pamoja nayo. Mkaguzi wa namna hiyo, mwenye mafungu ya picha yasiyokwisha mbele yake na sababu chache zilizokwisha kuandikwa za kuchagua kwa kubonyeza, hana wasaa wa kuandika tafsili. Na mahali pengine siku hizi programu ya kompyuta ndiyo inayotangulia kutazama. Maneno ya mkaguzi basi yasichukuliwe kuwa maelezo ya picha. Ni dalili tu, na dalili hutaka kupimwa.

Nilimwambia binti tuanze na lile linalopimika. Tuliifungua picha katika kompyuta kwa asilimia 100, maana yake pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo, kwa kuwa ndivyo wakaguzi wanavyotazama, na picha inayopendeza ikiwa imepunguzwa ili ienee kiooni huweza kuficha mengi. Hapo chembechembe zilionekana waziwazi shavuni mwa fundi na katika kivuli cha ubao, rangi nyekundu na kijani zikichezacheza pahali palipostahili kuwa hudhurungi moja tulivu. Sababu yake haikuwa siri. Kamera ilipouona ukuta mweupe ilidhani kuwa nuru ni nyingi, ikapunguza muda wa kuipokea. Na binti, aliporudi nyumbani, akauinua uso kwa programu kadiri ya mara nne ili uonekane. Lakini kuinua hakuleti nuru mpya. Nuru hufika katika kihisi cha kamera kwa chembe, na shaka iliyomo katika kuzihesabu ni kipeuo cha pili cha idadi yake: pahali palipopokea chembe 10,000 shaka ni 100, yaani moja kwa mia, na pahali palipopokea chembe 100 tu shaka ni 10, yaani moja kwa kumi. Uso wa fundi ulikuwa upande wa pili wa hesabu hiyo, na ulipokuzwa, shaka yake ikakuzwa pamoja nao. Katika hili mkaguzi alisema kweli.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuilainisha picha kwa programu ya kuondoa chembechembe, nami siipendi kwa picha ya aina hii, kwani huzifuta pamoja na nyuzi za mti na vinyweleo vya ngozi, mkaguzi wa pili akaja akasema kwamba picha imepakwa kama nta. Tulirejea kwenye faili ghafi, yaani ile iliyotoka katika kamera kabla ya kurekebishwa. Tulipunguza kule kuinua vivuli, tukazima unoaji wa kingo uliokuwa umeacha mstari mweupe kuzunguka patasi, tukasahihisha ule ukingo wa zambarau uliotokea pale ukuta ulipokutana na mbingu, ambao hutokana na lenzi kushindwa kuzikusanya rangi zote mahali pamoja. Kisha tukaipunguza picha kutoka pikseli 6000 kwa 4000 hadi 4500 kwa 3000. Jambo hili la mwisho linadharauliwa, walakini lina nguvu: pikseli zinapochanganywa, shaka zao hupunguzana, na kushuka kutoka milioni 24 hadi milioni 13.5 hupunguza chembechembe kwa kadiri ya robo bila kufuta nyuzi hata moja inayoonekana. Maghala makubwa kama Shutterstock na Adobe Stock hutaka pikseli zisizopungua milioni 4, kwa hiyo nafasi ilibaki tele.

Lilibaki neno la mwangaza, na hapa ndipo mizani inapotuacha. Katika kipimo cha kompyuta, ambacho 0 ni weusi mtupu na 255 ni weupe mtupu, ukuta wa chokaa ulisimama karibu na 248, na uso wa fundi baina ya 45 na 90. Hapana kilichoungua, hapana kilichozama. Nyusi zinahesabika, jasho la paji la uso linang'aa, mishipa ya mkono ulioshika nyundo imetokeza. Histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa vipimo hivyo kutoka weusi hadi weupe, imeelemea kushoto kwa sababu mtu mweusi anayechonga mti wa hudhurungi kivulini hana budi kuelemea kushoto. Anayeiita picha hiyo giza anailinganisha na uso mwingine alio nao kichwani.

Uso huo una historia. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 juu ya kadi zilizosambazwa na Kodak katika maabara za kusafishia picha za rangi, maarufu kwa jina la Shirley, ambazo kwa miongo mingi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha kurekebishia rangi za watu wote. Ameeleza pia kuwa msukumo mkubwa wa kuboresha filamu ili ipambanue vema rangi za giza ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiki katika matangazo. Nikiutazama ubao wa mvule na mikono ya fundi yule, siwezi kulisoma jambo hilo bila uchungu: mbao zilisikilizwa kabla ya watu.

Sasa, mtu atajuaje kwa yakini kuwa sababu aliyopewa ni ya macho ya mkaguzi na si ya picha? Mkataba usiomfunga mpiga picha kwa ghala moja humpa njia nyepesi, nayo ni kuipeleka faili ileile, bila kuigusa, kwa maghala mengine. Sababu ikirudiwa na wakaguzi wasiojuana, aiamini; wakitofautiana, aipime upya kabla ya kuitii. Kabla ya kuitengeneza tulifanya hivyo. Ghala moja liliipokea kama ilivyo, jingine likaikataa kwa chembechembe peke yake, na hakuna lililotaja mwangaza isipokuwa lile la kwanza. Hivyo chembechembe tukazishughulikia, uso tukauacha.

Tulipoirudisha kwa ghala la kwanza ilikataliwa tena, safari hii kwa mwangaza tu. Binti alitaka kuukoleza uso nuru kidogo yaishe. Nilimzuia. Maghala mengine hutoa nafasi ya kumwandikia mkaguzi, nayo hutumiwa vibaya na wanaomwaga hasira zao humo; yeye aliandika sentensi mbili za adabu, kwamba vivuli na weupe vyote vina taarifa kamili, na kwamba giza la uso ni rangi ya mhusika mwenyewe akiwa kivulini. Picha ikapita, na pikseli zake hazikuwa zimebadilishwa hata moja tangu ilipokataliwa mara ya pili.

Kwa wenye maghala nina ombi moja tu, nalo si zito kwa watu wenye mitambo ya namna ile: mkaguzi anapoandika kuwa picha ina kasoro, na atie alama juu ya picha mahali anapoiona. Mwenye chembechembe shavuni ataziona na kuziondoa, na mkaguzi atakayeitia alama yake juu ya uso wa mtu mweusi atalazimika kuutazama mara ya pili kabla ya kubonyeza.