Sifongo, Dodoki na Sponji: Uhakiki wa Maana

Neno sifongo lajulikana kwa kila aliyepata kusoma Injili kwa Kiswahili, na hali ni wachache mno waliokishika kitu chenyewe mkononi. Msomaji hukutana nacho penye msalaba, kimejaa siki, katika Injili ya Mathayo, ya Marko na ya Yohana (Luka aitaja siki tu). Kisha hakioni tena. Neno lililokaa kitabuni namna hii hupata maana kwa kukisia, na kisio lililoenea ni kwamba sifongo ni jina jingine la dodoki.

Sitawalaumu wenye kukisia hivyo, kwa maana nami nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mwalimu wangu aliniuliza kwetu sifongo huitwaje, nami nikajibu "dodoki" pasipo kusita. Akatoa sifongo kavu mkobani, akaitia ndani ya bakuli la maji, na maji yakanywewa karibu yote. Dodoki halifanyi hivyo. Dodoki ni tunda la mdodoki, mmea utambaao wa jamii moja na maboga na matango. Likikauka hubaki nyuzi ngumu za kujisugulia. Kazi ya dodoki ni kusugua, na kazi ya sifongo ni kufyonza. Mtafsiri akiandika dodoki penye msalaba, amempa askari kitu cha kukwangulia uchafu badala ya kitu cha kuchukulia kinywaji.

Asili ya neno yataka uangalifu. Waarabu husema isfanj, nao walilipata kwa Wayunani, ambao husema spongos, na katika lahaja ya Attica sphongos. Yaelekea basi kwamba neno letu latoka Uarabuni, kama mengi. Lakini jimu ya Kiarabu kwetu huwa j: jabali, jeneza, taji. Tungetazamia sifanji. Atakayenitajia biringani, ambalo Waarabu huliita badhinjan, nitamjibu kwamba neno hilo limesafiri kwa njia nyingi, kwa Waajemi na kwa Wareno, wala si shahidi wa kutegemewa. Kwa rai yangu, ng na o mbili za sifongo zasikika kiyunani zaidi kuliko kiarabu, nami naelekea kuona humo mkono wa mtafsiri mwenye Agano la Kiyunani mbele yake. Ikiwa ni hivyo, si ajabu kwamba neno halina mizizi kinywani mwa wavuvi.

Sponji ni habari nyepesi. Limetoka katika Kiingereza, na katika usemi wa kila siku lina maana ya kitu cha kiwandani: sponji ya kuoshea vyombo, godoro la sponji. Liachwe huko.

Penye mgogoro wa kweli ni sarufi. Sifongo ni mnyama. Aristotle alikwisha kuandika yale yasemwayo, kwamba hujikunyata mtu akitaka kumng'oa. Na katika miaka ya 1820 Robert Grant, mwanazuoni wa Edinburgh, alionyesha jinsi maji yaingiavyo kwa vitundu vidogo vya mwili wake na kutoka kwa vikubwa. Kiswahili humpa kila mnyama upatanisho wa a-/wa-, awe ng'ombe au chaza. Basi tuseme "sifongo huyu amejishikiza mwambani". Lakini kile cha kuogea ni kiunzi tu cha mnyama aliyekufa, kilichooshwa na kuanikwa. Hapo tuseme "sifongo hii imekauka". Tafsiri ya Injili, itumiapo i- kwa sifongo iliyojaa siki, imepatia. Mtungaji kamusi atoaye ngeli moja tu, ama hii ama ile, huficha nusu ya maana.

Jambo hili si la mezani tu. Huko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wako wanawake wafugao sifongo baharini: hukata kipande cha mnyama aliye hai, hukitunga kambani, hukisafisha mara kwa mara, nacho hukua hata kifae kuuzwa. Baadhi yao walikuwa wakulima wa mwani, zao lililodhoofika kwa kuzidi joto la maji. Mali yao ikiitwa sponji, yachanganywa na kipande cha godoro. Ikiitwa dodoki, mnunuzi atauliza imechumwa shamba gani. Wanawake hao wana haki ya kuwa na neno lao, na neno liko tayari.

Kwa hiyo napendekeza ingizo lisomeke hivi. Sifongo: 1 [a-/wa-] mnyama wa majini, aghalabu wa baharini, asiye na kichwa wala viungo, mwenye vitundu vingi, akaaye alipojishikiza, 2 [i-/zi-] kiunzi laini cha mnyama huyo, kilichosafishwa na kukaushwa, kifyonzacho maji, kitumiwacho hasa kuogea. Na mbele yake pasiandikwe "tazama dodoki".