Sitiari ya Mto na Mipaka ya Ushahidi katika Uandishi wa Edward Hooper

Edward Hooper, Mwingereza aliyeiripotia BBC kutoka Uganda katika miaka ya 1980, ameandika vitabu viwili kuhusu UKIMWI: Slim (1990) na The River (1999). Cha kwanza ni masimulizi ya shahidi. Cha pili ni ya mpelelezi. Tofauti hiyo ya kifani ndiyo inayofafanua nguvu na udhaifu wa kazi yake.

The River kinadai kwamba VVU viliwaingia binadamu kupitia chanjo ya polio iitwayo CHAT, aliyoiunda Hilary Koprowski na iliyotolewa Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi baina ya 1957 na 1960. Kiini cha dai ni kambi ya Lindi, karibu na Kisangani, walikofanyiwa majaribio mamia ya sokwe. Hooper anashikilia kwamba figo zao zilitumiwa kukuzia chanjo; Koprowski na wenzake walikanusha.

Kifani, kila mahojiano huzaa swali jipya, na taharuki hukua. Jina la kitabu, yaani Mto, ni sitiari inayotawala usimulizi: msafiri hupita vijito vingi, lakini sharti afike kwenye chemchemi moja. Hapo ndipo muundo unapoutangulia ushahidi. Vituo vya chanjo vikikaribiana na maeneo ya maambukizi ya awali, ujirani hugeuzwa kuwa usababishi.

Sayansi ilifuata mkondo mwingine. Mwaka 2004, Michael Worobey na wenzake walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya ukoo ulio mbali na VVU-1. Mwaka 2006, chimbuko lilielekezwa kusini-mashariki mwa Kameruni. Na 2008, mwanzo wake ukakadiriwa kuwa mapema katika karne ya 20, miongo kadhaa kabla ya CHAT. Hata hivyo, Hooper aliendelea kuitetea nadharia yake.

Je, kazi hiyo ni bure? La hasha. Swali lake la kimaadili, yaani nani aliyewapa wakoloni ruhusa ya kuwafanyia Waafrika majaribio, linasimama hata nadharia inapoanguka. Kasoro ni kuvifunga viwili hivyo pamoja, hata msomaji akadhani kwamba kulikataa dai la kisayansi ni kuisamehe dhuluma. Kasoro hiyo haiishii vitabuni. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipohimiza kususiwa kwa chanjo ya polio mwaka 2015, mzazi wa Makongeni, Thika, alitakiwa kuamua kuhusu mtoto wake. Mzazi huyo ana haki ya kuihoji historia. Ana haki pia ya kujua ni wapi masimulizi yanakoma na ushahidi unaanza.