Motisha ya mwanamichezo: yaulizwa au yatazamwa?

Hojaji ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kupima motisha ya mwanamichezo, na kwa wepesi huohuo hupotosha. Mfano mzuri katika Afrika Mashariki ni utafiti wa wakimbiaji wa Kenya uliochapishwa mwaka 2006 na Vincent Onywera, Robert Scott, Yannis Pitsiladis na Michael Boit. Boit huyo ndiye aliyepata medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972.

Watafiti waliwahoji wakimbiaji 404, wa kuanzia mita 800 hadi marathoni, kisha wakawagawa mafungu mawili: 97 waliowahi kuiwakilisha Kenya nje na 307 ambao hawajafika huko. Pembeni waliwekwa Wakenya 87 wasio wanariadha ili kulinganisha. Mgawanyo huu ndio uliobeba kazi nzima. Waliozaliwa Bonde la Ufa walikuwa asilimia 20 kati ya wasio wanariadha, 65 kati ya wakimbiaji wa kitaifa na 81 kati ya wa kimataifa. Waliokuwa wakienda shule mbio nao walikuwa asilimia 22, 73 na 81. Idadi inapopanda ngazi kwa ngazi namna hiyo, ni vigumu kuiita bahati.

Tatizo linaanza kwenye swali la kwa nini mtu aliamua kuwa mwanariadha. Takriban theluthi walitaja kipato. Mahali pa kuzaliwa na namna ya kwenda shule ni mambo ambayo mtu huyakumbuka na mwingine aweza kuyahakiki. Sababu ya moyoni haina shahidi. Tena aliyeulizwa alikuwa tayari mkimbiaji, anayejua fedha za mbio zinavyobadili maisha ya jirani yake. Jibu hilo laweza kueleza kinachombakisha mchezoni kuliko kilichomwingiza.

Edward Deci, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwisha kulikwepa tatizo hilo mwaka 1971 kwa kutouliza kabisa. Aliwapa wanafunzi 24 fumbo la vipande vya kupanga, kwa vipindi vitatu. Katika kipindi cha pili nusu yao walilipwa dola moja kwa kila umbo walilolipata. Cha tatu malipo yakaondolewa. Katikati ya kila kipindi msimamizi alitoka kwa dakika 8, akiacha magazeti mezani, na sekunde ambazo mwanafunzi aliendelea na fumbo kwa hiari yake zikahesabiwa kwa siri. Waliolipwa walilegea fedha ilipokoma. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo na kitakwimu ilikuwa dhaifu, jambo ambalo wanaomnukuu Deci hulisahau, lakini njia imedumu: ari ya ndani huonekana pale mtu asipodaiwa wala kulipwa.

Wasukuma wa Simiyu, Tanzania, wana kipimo cha aina hiyo. Baada ya mavuno, vikundi hasimu vya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza mbina, yaani ngoma zao, kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Mtazamaji haulizwi anapenda nini. Miguu yake ndiyo kura. Kipimo hicho nacho kina dosari zake, maana wachezaji hutuhumiana kutumia dawa za mvuto, na mtu huweza kufuata kundi kwa kuwa wenzake wamekwenda huko.

Mtafiti atakayetaka kuwapima waendesha baiskeli wa Bariadi au vijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, atakutana kwanza na tatizo la neno "motisha" lenyewe. Kipimo cha motisha ya michezo cha Luc Pelletier na wenzake wa Kanada, cha mwaka 1995, kina sentensi 28, na hutenganisha anayecheza kwa raha ya mchezo, anayefuata tuzo na asiyejua tena kwa nini anacheza. Katika Kiswahili cha ofisini Tanzania, "motisha" ni posho ya kumtia mtu moyo. Mwanafunzi wa Maswa au Meatu akiulizwa motisha yake ni nini, atataja fedha, jezi au ng'ombe wa zawadi, naye atakuwa amejibu sawasawa swali alilolisikia. Hojaji ya Simiyu itumie "ari" au "hamu", ijaribiwe kwa Kisukuma kabla ya kugawiwa, na pembeni awepo mtu wa kuhesabu ni nani anayebaki uwanjani kocha akishaondoka.